Vidonge vya Jumatatu

Dawa iliisha Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi Moza akaamka na nia njema ya kwenda kununua nyingine. Nia njema, tukisema kweli, ndiyo iliyomponza tangu mwanzo wa juma lile. Aliingia chumbani kwa mama mkwe wake, Bi Maulida, akamkuta ameegemea ukuta kitandani, ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo mama."

Bi Maulida hakuitikia. Alinyanyua kidole kimoja, maana yake nimekusikia.

"Fungua mdomo nione."

Mama akatikisa kichwa. Moza akambembeleza kama anayembembeleza mtoto, mpaka kanga ikashuka. Midomo ilikuwa imepasuka. Ulimi ulikuwa umejaa vidonda vyeupe, fizi zinavuja damu, na mate yalimtoka mwenyewe kwa kuwa kuyameza kulikuwa adhabu. Jana alikuwa amelalamika kwamba chai inamuunguza hata ikiwa imepoa, na Moza akamjibu kwamba dawa ikianza kufanya kazi lazima isumbue kidogo. Leo hakukuwa na lalamiko lolote. Bi Maulida, mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mpita njia wa Buzuruga, alikuwa amenyamaza.

"Ni fangasi hawa," Moza alisema, kwa sauti ya mtu anayejua. "Nitakununulia na dawa yake. Na hivi vidonge vya viungo visikatike, maana ndiyo kwanza vidole vimeanza kulegea."

Hilo la vidole lilikuwa kweli. Baridi yabisi ilikuwa imevikunja vidole vya mama hata sindano ya kudarizi ikamshinda kushika, yeye ambaye kofia zake zilivaliwa na mabwana harusi wa mji mzima. Ijumaa iliyopita Faisal, mwanawe na mume wa Moza, alimpeleka kwa daktari wa viungo anayekuja mjini Mwanza mara moja kila miezi mitatu. Walirudi na bahasha ndogo ya dawa, na bahasha, kama karatasi zote za nyumba ile, ikakabidhiwa kwa Moza.

Nani mwingine apewe? Moza alikuwa na stesheneri yake karibu na stendi, mashine moja ya kutoa kopi na kompyuta moja. Fomu za mkopo, barua za kuomba kazi, wito wa mahakamani, mtaa mzima ulimletea awasomee. Alisoma mwandiko wa kila namna, na hakujaliwa unyenyekevu katika jambo hilo.

* * *

Duka la dawa lilikuwa limefunguliwa muda si mrefu, sakafu bado mbichi. Mfamasia, dada mmoja mfupi mwenye miwani aliyeitwa Odeta, alikuwa akipanga maboksi.

"Habari za asubuhi, dada. Naomba dawa kama hii, na ya fangasi wa mdomo."

Odeta akaichukua bahasha, akasoma jina la dawa, akamtazama Moza juu ya miwani.

"Hii methotreksati ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu. Imeisha jana."

"Imeisha? Alipewa lini?"

"Ijumaa iliyopita. Akaanza Jumatatu."

"Vidonge vingapi?"

"Arobaini na vinane."

Odeta akaweka chini boksi alilokuwa ameshika. Hakuuliza jambo lingine mpaka alipozunguka meza na kusimama upande wa Moza, bega kwa bega, bahasha mbele yao wote wawili.

"Ulikuwa unampaje?"

"Kama ilivyoandikwa. Vinne mara tatu. Asubuhi, mchana, jioni."

"Hebu nisomee hapa."

Moza akasoma. Kwenye bahasha kulikuwa na alama ya mara iliyopigwa chapa, kama zilivyo bahasha zote za dawa, na nesi alikuwa amejaza kwa kalamu pande mbili. "Nne, mara, tatu."

"Na hiki hapa, kabla ya tatu?"

"Si kalamu iliteleza?"

"Hiyo ni J, dada. Ni J3."

Moza akatazama. Ilikuwa J. Ilikuwa na kichwa na mkia, imekaa pale tangu Ijumaa. Yeye mwenyewe kila Jumamosi jioni hubandika mlangoni kwake karatasi iliyoandikwa TUMEFUNGA, TUTAFUNGUA J3, na kwa miaka sita hakuna mteja aliyewahi kumuuliza maana yake.

"Vinne, kila Jumatatu," Odeta alisema taratibu. "Mara moja kwa wiki. Hivyo vilikuwa vya miezi mitatu."

Moza akahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Ana vidonda mdomoni? Anaharisha? Ana homa?"

"Vidonda. Na tumbo, tangu juzi."

"Mpeleke hospitali sasa hivi. Usipite dukani kwako, usipite popote. Bahasha hii umwonyeshe daktari, na umwambie idadi. Umesikia? Idadi usiikosee."

Moza alitoka akisahau hata kuaga. Alitembea upesi, kisha akakimbia, mwanamke mzima na kandambili zake, watu wa stendi wakimpisha na kumwita jina. Na njiani likamrudia neno ambalo angelipa chochote asilikumbuke. Jumapili ile jioni, alipomletea mama vidonge kumwonyesha, Bi Maulida alisema, "Nesi kaniambia Jumatatu, nikishafuturu." Kwa kuwa mama hufunga Jumatatu na Alhamisi, sunna aliyoishika tangu ujana wake. Na Moza akacheka. "Jumatatu ndiyo unaanza, mama. Saumu utaiacha kwanza, dawa hii ni kutwa mara tatu. Mimi si ndiye ninayejua kusoma humu ndani?" Na mama, ambaye shule hakuipata, akafungua kiganja.

* * *

Hospitalini walifika kabla ya adhana ya Ijumaa. Faisal alitoka Kirumba anakouza vipuri vya injini za boti, mikono bado ina grisi. Dada yake, Yasmin, mwalimu wa shule ya msingi Kisesa, aliacha darasa akaja. Bi Maulida alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu kando ya ukuta, macho kayafumba, kanga iko palepale mdomoni, sasa ina madoa mekundu.

Daktari Mutayoba alikuwa Mhaya mrefu mwenye sauti ya chini. Alimulika mdomo wa mama kwa tochi, akaagiza damu ipimwe haraka, kisha akawageukia watatu wale.

"Nani anakaa naye nyumbani?"

"Mimi," Moza alisema. "Mkwe wake."

"Unafanya kazi gani, mama?"

Swali hilo lilimshangaza. "Nina stesheneri. Natoa kopi."

"Basi wewe utanielewa upesi. Kila chembe ya mwili ina kitabu chake ndani, kinachoeleza namna ya kumjenga mtu. Hicho ndicho tunachokiita vinasaba. Chembe moja ikitaka kuwa mbili, lazima kwanza itoe kopi ya kitabu kizima, ili kila moja iondoke na chake. Sawa? Sasa dawa hii inanyima mashine wino. Kopi haitoki. Ukimpa mtu kidogo kwa wiki, zinatulia zile chembe zinazomshambulia kwenye viungo. Ukimpa kila siku, unazima mashine mwili mzima. Na zinazoumia kwanza ni zile zinazotoa kopi bila kupumzika. Ngozi ya mdomo, utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu."

Moza alielewa. Alielewa kuliko alivyotaka. Siku nne alikuwa akimfuata mama na bilauri ya maji na tabasamu, akimzimia mashine moja baada ya nyingine.

"Wino unarudishika?" aliuliza.

"Ipo dawa, foliniki, inaupitishia wino mlango wa nyuma. Imo hapa, wodi ya saratani, chupa chache. Lakini kipimo chake kinafuata kiasi alichokula. Nikimpa pungufu haitafika inakotakiwa. Kwa hiyo niambie. Alikuwa anameza vingapi?"

Kulia kwa Moza alisimama Yasmin, ambaye tangu siku ya ndoa amekuwa akisema kwamba mke wa kaka yake anajifanya msomi wa ukoo. Kushoto alikuwa Faisal. Mkoba ulikuwa kwapani, na ndani ya mkoba ilikuwamo bahasha. Moza akawaza neno moja tu, akifa. Akifa, nani kamuua? Akaona polisi mlangoni, akaona mtaa, akaona Faisal akimtazama kama mtu asiyemjua. Aliogopa vibaya sana, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo hachagui maneno, huokota lililo karibu.

"Vinne," alisema.

"Kwa siku?"

"Kwa siku. Asubuhi."

"Nani alikuwa anampa?"

"Alikuwa anameza mwenyewe."

Kitandani, Bi Maulida alifumbua macho.

"Bahasha iko wapi?"

"Nadhani ilitupwa."

Uongo wa kwanza hukwama kooni. Unaofuata hupita mlango uleule ulioachwa wazi. Daktari aliandika. Yasmin hakungoja amalize.

"Mama yangu hajui kusoma! Mama yangu hajui kusoma, na ninyi mnamwachia madawa ajimezee! Stesheneri ndiyo muhimu, siyo? Kopi!" Alisema kwa sauti ya darasani, na foleni nzima ya wagonjwa ikageuka kumtazama Moza, mmoja akaacha kukohoa ili asikie vizuri.

"Yasmin, punguza sauti," Faisal alisema, lakini naye alikuwa akimtazama mkewe.

"Nisamehe, wifi," Moza alisema. Aliinamisha kichwa akayapokea matusi yale kwa shukrani, maana yalikuwa madogo kuliko yaliyostahili.

* * *

Jumamosi asubuhi joto la mwili wa mama lilikuwa limepanda. Alikuwa amehamishiwa chumba cha peke yake, na kila aingiaye alinawa mikono mara mbili na kuvaa barakoa. Daktari Mutayoba alisimama na karatasi ya majibu, akaisoma, akaisoma tena.

"Chembe nyeupe zimeshuka mno," alisema. "Hawa ni askari wa mwili, na sasa karibu hawapo. Kidudu chochote kikiingia leo hakina wa kukizuia. Na figo zinaanza kulalamika." Aliwatazama wote watatu. "Kwa vidonge vinne vya asubuhi kwa siku nne, dawa niliyompa ingekuwa imeshaonyesha dalili ya kufanya kazi. Hesabu hizi hazilingani na maneno niliyoambiwa."

Chupa ya dripu ilikuwa ikidondosha tone moja moja.

Daktari akainama kitandani. "Bibi, najua huwezi kusema. Nijibu kwa kichwa. Dawa ulikuwa unameza mwenyewe?"

Bi Maulida alimtazama daktari, kisha akamtazama Moza, na macho yake yalikaa hapo kwa muda. Hayakuwa macho ya hasira. Kisha, taratibu, kwa maumivu, maana hata shingo ilikuwa nzito, akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo. Mwenyewe.

"Kila siku vinne tu?"

Akakubali tena.

Hapo ndipo Moza alipoogopa kwelikweli. Hofu ya jana ilikuwa ya nafsi yake: polisi, mtaa, wifi. Hii ilikuwa nyingine. Mama alikuwa akimfichia siri, na siri hiyo ilikuwa inamuua. Angeweza kunyamaza. Hakuna binadamu mwingine aliyejua isipokuwa Odeta wa duka la dawa, na nani angemtafuta Odeta? Angenyamaza, mama angekufa na heshima ya mkwewe ikiwa salama, na msibani watu wangempa pole.

"Anasema uongo," Moza alisema.

Yasmin aligeuka. "Unasemaje?"

"Mama anasema uongo. Ananisitiri." Alifungua mkoba, akaitoa bahasha na kumpa daktari. "Mimi ndiye niliyempa. Kwa mkono wangu. Vinne asubuhi, vinne mchana, vinne jioni. Vyote arobaini na vinane. Aliniambia nesi kasema Jumatatu, nikamcheka."

Daktari Mutayoba aliisoma bahasha. Uso wake haukubadilika, lakini alikuwa tayari anatembea kuelekea mlangoni.

"Hii ni mara tatu ya kiasi ulichoniambia jana," alisema. "Chupa zilizobaki hazitoshi. Nataka mtu mmoja wa kuzunguka mjini. Naandika sasa hivi, nendeni kwenye maduka makubwa ya dawa. Kabla ya adhuhuri."

Faisal akanyoosha mkono kuipokea karatasi. Alipopita mbele ya mkewe alisimama. Moza alijiandaa kwa neno lolote, hata kwa kofi, ingawa Faisal hajawahi kumpiga.

"Yuko mfamasia Buzuruga, Odeta," Moza alisema haraka. "Anaijua habari hii. Anza kwake, atajua pa kupiga simu."

Faisal alimsikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kumjibu.

Yasmin alibaki. Alivua barakoa, akamsogelea Moza karibu mno. "Jana yote nimekutukana nikidhani ni uzembe," alisema, na mara hii hakupaza sauti. "Kumbe ulikuwa umesimama pale, unasikia daktari akiuliza, unajua, ukamwacha apime pungufu. Akifa mama, Moza, sitakusamehe kwa vile vidonge. Hapana. Vile ni kosa, kila mtu hukosea. Nitakudai usiku mmoja huu wa jana."

Yasmin alikuwa amesema kweli, na kweli ikisemwa polepole inauma kuliko kelele za jana. Alitoka akakaa ukumbini sakafuni, mgongo ukutani, na kutoka pale dirisha lilionyesha mawe ya Mwanza na kipande cha ziwa, watu wakiendelea na Jumamosi yao.

Faisal alirudi saa sita kasoro dakika chache, shati limemganda mgongoni, na maboksi mawili mkononi. Alimpa nesi. Kwa Moza hakugeuka.

* * *

Zikafuata siku za namba. Kila asubuhi karatasi ya maabara ilikuja na kila asubuhi Moza aliitafuta namba moja tu, ile ya chembe nyeupe. Jumapili ilishuka. Jumatatu ilishuka tena, na daktari akasema hivyo ndivyo inavyotarajiwa, kwamba damu inayoonekana leo ilitengenezwa siku kadhaa zilizopita, na kwamba waendelee kuomba. Usemi huo wa kuomba, ukitoka kwa daktari, humkausha mtu damu.

Moza aligeuka mtu wa kuogopa kila kitu kilichomezeka au kuchomwa. Nesi alipokuja na sindano ya kupambana na homa, alimshika mkono.

"Hiyo nayo inazuia nini?"

Nesi, dada wa Kijita aliyeitwa Dorcas, akamcheka kidogo kwa huruma. Daktari Mutayoba, aliyekuwa nyuma yake, hakucheka.

"Inazuia wadudu wasijenge," alisema. "Zipo dawa za namna nyingi. Nyingine huzuia kitabu kisitolewe kopi, kama ile ya mama. Nyingine huzuia kisisomwe. Ile nyekundu ya kifua kikuu ni ya namna hiyo, mdudu anacho kitabu chake lakini hawezi kukisoma. Hii ya leo inawaacha wasome, ila mafundi wao hawawezi kujenga kilichosomwa. Mdudu asiyejenga hufa."

"Na mafundi wetu sisi?"

"Karakana yetu ni ya umbo jingine. Haitugusi sana."

"Sana?"

Daktari alifikiri. Angeweza kumtuliza kwa uongo mdogo, lakini labda aliona kwamba chumba kile kilikuwa kimeshashiba uongo. "Hakuna dawa isiyogusa, mama. Ndiyo maana tunaandika kiasi. Na ndiyo maana tunapaswa kuandika ikasomeka. Kosa la bahasha ile si lako peke yako."

Maneno hayo yalikuwa ya kumfariji, na Moza aliyashukuru, lakini hayakumfariji. J ilikuwa J. Na hata kama ingekuwa haisomeki kabisa, mama alikuwa ameitamka kwa mdomo wake mwenyewe ungali mzima.

Usafi wa mama aliufanya yeye. Tumbo lilikuwa halizuiliki, na Bi Maulida, mwanamke ambaye hata kuvua kilemba mbele ya wakwe alikuwa hakubali, alilazimika kugeuzwa na kupanguswa kama mtoto mchanga. Yasmin alijaribu siku ya kwanza akatoka analia. Moza hakulia. Alifanya kazi ile akiwa ameuma meno, akimsitiri mama kwa kanga kila alipoweza, na mama alimwachia mwili wake bila kumtazama usoni. Faisal alikuja asubuhi na jioni. Aliuliza habari za mama kwa nesi.

Jumatano namba haikushuka. Haikupanda pia. Moza aliitazama karatasi ile mpaka Dorcas akamwondolea mkononi.

Alhamisi ilipanda, kidogo tu. Ijumaa ikapanda mara mbili ya hapo. Daktari Mutayoba alikuja na karatasi akaishika juu kidogo ili wote watatu waione, akawa na uso wa mtu aliyeshusha gunia.

"Kopi zinatoka," alisema.

Yasmin akapiga magoti palepale sakafuni, akaweka uso kwenye shuka la mama. Faisal alifumba macho, akasema alhamdulillahi mara nyingi kwa sauti ya chini. Kisha akafumbua, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akamtazama mkewe. Alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake baada ya moto, akijiuliza kilichobaki kinatosha kukaliwa au la. Alipotoka kwenda msikitini alimwachia kiti.

* * *

Jumapili vidonda vilikuwa vimeanza kufunga. Daktari aliruhusu uji, mwepesi, wa vuguvugu, vijiko vichache. Yasmin alikuwa amekwenda Kisesa kubadilisha nguo. Faisal alikuwapo, amesimama dirishani na mikono nyuma. Moza aliukoroga uji, akaupuliza bila kufikiri huku amevaa barakoa, akakumbuka, akaacha.

Alimwinua mama, akamwekea mto mgongoni. Akachota kijiko, akakisogeza.

Bi Maulida hakufungua mdomo. Alikitazama kijiko. Alimtazama Moza, kisha kijiko tena, na midomo yake yenye magamba ikajaribu kusogea. Sauti ilikuwa haijatoka kwa siku tisa, na ilipotoka ilikwaruza kama ya mzee mwingine kabisa.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Faisal aligeuka kutoka dirishani.

Moza hakujua kama ni utani. Bi Maulida wa zamani angeweza kutania hivyo, na pembeni mwa jicho lake kulikuwa na kitu kilichofanana na utani. Lakini mkono wake, ule wa vidole vilivyokunjana, ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda kwa nguvu. Huenda yalikuwa yote mawili. Huenda hata mama mwenyewe hakujua.

Moza akashusha barakoa. Akakitia kijiko mdomoni, uji ukiwa hauna sukari wala ladha, akameza. Bi Maulida alimwangalia koo mpaka uji uliposhuka wote, akangoja kidogo zaidi, kisha akafungua mdomo.